Nilivyopitia kodi ya C inayosoma indeksi ya Git kwa thredi nyingi

Wengi wanaoandika C wanaogopa kupitia kodi yenye thredi (sehemu za programu moja zinazoran kwa wakati mmoja), na nawaelewa, maana unaisoma unaona iko poa, unairan inafanya kazi, unairan tena inafanya kazi, alafu siku moja inatoa majibu ya ajabu na hakuna anayejua yametoka wapi. Mi nataka nieleze nilivyoshughulika na moja niliyoletewa hapa Mbeya, kwasababu njia yenyewe haihitaji uwe mtaalamu wa thredi, inahitaji utulie na ujue kila kipande cha memori ni cha nani.

Kodi ni ya dogo mmoja tunafanya nae kazi Mwanjelwa. Tuna ripo moja kubwa ya Git (Git ni programu ya kutunza historia ya kodi, ripo ni hifadhi yake), na yeye ameandika kaprogramu kanakosoma faili la .git/index, yaani hiyo indeksi, moja kwa moja ili kujua faili zipi zipo na zimebadilika lini, bila kuita Git kila mara. Kalikuwa kanatumia thredi moja akakabadilisha katumie nyingi, akanitumia meseji, "Shikamoo kaka, naomba unipitie hii kabla sijaiunganisha, nimetesti sana haijawahi kufeli." Nikamjibu marahaba mdogo wangu, ntaiangalia usiku.

Sikuanza na kodi. Nilianza na faili lenyewe, yaani limekaaje ndani, maana huwezi kusema kodi ya kusoma kitu iko sawa wakati hicho kitu hukijui. Indeksi ya Git inaanza na baiti 12, herufi DIRC, kisha namba ya toleo (2, 3 au 4), kisha idadi ya rekodi zilizomo. Zinafuata rekodi zenyewe zimepangwa kwa jina, na kwa ripo ya kawaida inayotumia SHA-1 (njia ya kukokotoa alama ya kila faili) kila rekodi ina baiti 62 za lazima ndo linakuja jina la faili. Baada ya rekodi kuna ekstensheni, yaani vipande vya nyongeza, na mwisho kabisa chekisamu ya faili zima, ya kuhakiki kwamba halijaharibika.

Sasa tatizo la thredi ni hilo jina. Majina hayana urefu mmoja, kwaiyo huwezi kujua rekodi ya elfu hamsini inaanzia wapi bila kupita zote za nyuma yake. Na toleo la 4 ndo kabisa, kule jina linabanwa kwa kutegemea jina la rekodi iliyotangulia. Git 2.20, iliyotoka Desemba 2018, ilitatua hili kwa kuongeza ekstensheni mbili: EOIE inayoonyesha rekodi zinaishia wapi, na IEOT ambayo ni jedwali la mafungu, kila fungu linaanzia baiti ya ngapi na lina rekodi ngapi. Na kwenye toleo la 4 jina la kwanza la kila fungu linaandikwa zima, ili thredi ya pili isisubiri jina kutoka kwa thredi ya kwanza. Dogo hilo alikuwa amelielewa vizuri, kila thredi yake inaanza na jina la nyuma likiwa tupu, nikamuandikia kabisa kwamba hapa umefanya kazi nzuri.

Kabla sijaenda mbali nikataka kujua ile "haijawahi kufeli" imetoka wapi. Nikachukua faili la indeksi alilotestia, nikatafuta herufi IEOT ndani kwa grep. Hazimo! Git haiandiki lile jedwali mpaka uiwekee index.threads wewe mwenyewe kwenye konfigi, ukiiacha ilivyo haiandiki, na programu yake ikikosa jedwali inarudi kusoma kwa thredi moja kimya kimya. Kwaiyo muda wote huo ile sehemu mpya haikuwa imeran hata mara moja. Nikaweka git config index.threads 4, nikaongeza faili moja kwa git add ili indeksi iandikwe upya, nikatafuta tena, IEOT ikaonekana. Namuomba kila anayepitia kodi ya namna hii aanzie hapa, hakikisha kwanza kwamba kile unachokipitia kinaran kweli, weka hata printf moja ndani ya thredi uone.

Ndo nikashika kalamu na karatasi. Nikachora kila kipande cha memori, nani anakiandika, nani anakisoma, na lini. Ni kama kulimisha shamba la viazi kule Uporoto, kila kibarua unampimia ngwe yake, na kama ngwe zimepimwa vizuri hakuna haja ya mtu kusimama katikati kuamua ugomvi.

Kwenye arei kubwa ya pointa za rekodi dogo alikuwa ameweka kufuli, thredi moja ikilishika nyingine zinasubiri. Nikamwambia litoe, hii arei imetengwa mara moja kabla thredi hazijaanza na kila thredi inaandika kwenye nafasi zake tu, hazigusani. Ila, na hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, hazigusani kwa sharti kwamba vipimo ni vya kweli, na vipimo vinatoka wapi? Vinatoka ndani ya faili. Faili likiharibika, au mtu akilitengeneza kwa nia mbaya, jedwali linaweza kusema mafungu yana rekodi nyingi kuliko idadi ya kule mwanzoni, thredi ya mwisho ikaandika nje ya arei kabisa. Hakukuwa na ukaguzi wowote. Nikamtaka ajumlishe rekodi za mafungu yote zilingane na idadi ya mwanzoni, ahakikishe kila fungu linaanzia mbele ya lililotangulia na halivuki pale EOIE inaposema mwisho, na thredi ikimaliza iwe imefika pale pale fungu linalofuata linapoanzia, sio pungufu sio zaidi. Na ile idadi ya mwanzoni nayo ukiizidisha mara 62 ikapita saizi ya faili, kataa hapo hapo kabla hujaomba memori.

Ya pili ilijificha. Taarifa za kila thredi alizihifadhi kwenye arei ndogo ya strakti, ndani ya lupu anaikuza kwa realloc kisha anaita pthread_create na kuipa pointa ya strakti. realloc ina ruhusa ya kuhamisha arei yote kwenda sehemu nyingine, thredi ya kwanza ishaanza na pointa yake inaangalia memori iliyoachwa. Dawa ni kutenga arei yote kabla ya lupu, idadi ya thredi si unaijua mapema.

Alafu memori ya rekodi. Alikuwa na pulu (akiba ya memori) moja ya wote yenye kufuli, kila rekodi moja thredi inasubiri zamu, sasa hapo thredi nne zina faida gani? Git yenyewe inaipa kila thredi pulu yake, zikimaliza zinaunganishwa. Akafanya hivyo hivyo.

Kwenye makosa, pthread_create ya tatu ikishindikana kodi ilikuwa inafanya munmap (kuliondoa faili kwenye memori) na kurudi, huku mbili za mwanzo bado zinasoma ile ile memori. Lazima uzisubiri zote zilizoanza kwa pthread_join ndo ufunge mlango. Pia pthread_create inarudisha namba ya kosa yenyewe, haiweki errno, kwaiyo perror yake, inayosoma errno, ingetoa ujumbe usiohusika, atumie strerror kwa namba iliyorudi. Na kusoma namba kwa kugeuza pointa kuwa uint32_t * sio salama, rekodi za toleo la 4 hazina pading ya kuzifikisha baiti 8 kama za toleo la 2 na 3, tumia memcpy kisha ntohl.

Baada ya marekebisho nikakompaili kwa -fsanitize=thread (kompaila inaongeza ukaguzi wa kunasa makosa programu ikiran), kisha peke yake kwa -fsanitize=address,undefined, maana ya thread na ya address haziendi pamoja. Ile ya thread inaona tu yaliyotokea wakati programu inaran, isingesaidia kitu kwa lile faili la mwanzo lisilo na IEOT.

Kuhusu spidi tulikubaliana afuate wanavyofanya Git, thredi moja kwa kila rekodi elfu kumi, na zisizidi idadi ya CPU. Ripo ndogo haina haja, kuanzisha thredi nako kuna gharama yake.

Ameshaunganisha, pamoja na mafaili ya testi niliyomtengenezea: moja limekatwa katikati, moja jedwali lake linadanganya idadi, moja mafungu yameingiliana. Kilichobaki ni ekstensheni ya link, ile ya indeksi iliyogawanywa. Inaanza na herufi ndogo, na kwa Git hiyo ina maana usipoielewa huruhusiwi kuiruka, kwaiyo kwa sasa programu ikikutana nayo inakataa faili na kusema sababu, mpaka dogo atakapoandika sehemu ya kuisoma.