Nilivyompeleka baba kutazama mwezi ukianguka

Picha za maafa, zile ambazo jiji zima linamezwa na maji au jiwe la angani linakuja kutumaliza, mimi sizitazami kwenye simu. Zinataka kioo kikubwa na sauti inayotikisa kiti. Sisi wa Malindi wengi tumekulia vibanda vya video, dijei akituhadithia kila kitu kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, lakini nikitaka sinema hasa napanda matatu hadi Nyali, Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Ilipotoka ile ya mwezi kuacha njia yake na kuanza kuiangukia dunia, nilikwenda peke yangu, na haikufika nusu nikawa nishajua nani angefaa kukaa kiti cha pembeni. Baba.

Baba ni mvuvi. Ameshapita miaka sabini, haendi tena bahari kuu, ila madema yake, ile mitego ya samaki, anayatega mwenyewe miambani. Kiingereza hajui, na kelele humchosha. Kubwa zaidi, mambo ya maji kuvamia nchi kwake si mchezo. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya tsunami, alikuwa ufuoni hapa hapa Malindi, na kwa miaka yote hiyo tukimuuliza hujibu neno moja kisha hubadilisha mazungumzo. Kwa hiyo sikumwambia tu "twende picha". Nilianzia mbali.

Jioni moja barazani nikamuuliza kwa nini bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huja mwezi ukiwa nusu. Kalenda hiyo anaijua kuliko mimi, alifunzwa na babake, lakini sababu yake hakuwahi kuambiwa. Nikamweleza nilivyosoma: mwezi huvuta maji, na jua nalo huvuta, ingawa kidogo. Vikikaa mstari mmoja, nguvu zao hujumlishwa, ndipo tunapata bamvu. Jua likivuta kutoka ubavuni, hupunguzana. "Kumbe na jua limo!" akasema, na nikaona uso wake umefunguka. Nikamwambia mwezi uko mbali nasi wastani wa kilomita 384,400. Akafikiri kidogo. "Na ukisogea mpaka nusu ya njia, mama?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Mwezi ukiwa nusu ya umbali huo, nguvu yake ya kupandisha maji haiongezeki mara mbili tu, huongezeka mara nane. Kwetu, bamvu ikiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Tukapiga hesabu ya juu juu pale pale, kama kwamba maji yote huvutwa na mwezi peke yake: karibu mita 24. Baba akageukia upande wa bahari. "Hapo hakuna Msikiti wa Juma wala nguzo ya Vasco da Gama," akasema. Halafu akaniuliza yeye mwenyewe hiyo picha inaonyeshwa wapi.

Siku aliichagua yeye: siku ya maji mafu, katikati ya wiki, kwa sababu wakati wa bamvu habanduki pwani. Hilo lilinifaa pia, maana mchana wa katikati ya wiki ukumbi huwa karibu mtupu, na mimi nilihitaji nafasi ya kunong'ona. Tulitoka Malindi asubuhi, tukaswali adhuhuri Mombasa, tukaingia. Nilimbebea sweta na kikoi kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, na pamba ya masikioni. Viti nilichagua vya nyuma kabisa, ukingoni, apate kutoka bila kuomba njia kama moyo ungekataa. Nilimwambia wazi: "Baba, ukinishika mkono tu, tunatoka. Hatuambizani kitu."

Kazi kubwa ilikuwa kutafsiri, na hapo ndipo ile safari yangu ya kwanza iliponifaa, kwani nilijua maneno yanakuja wapi. Majina ya wahusika niliyaacha yote. Nilimpa ujamaa: huyu ni baba mtu, yule ni mkewe wa zamani, yule kijana ni mtoto wao, wanagombana kwa sababu hii. Mtu akishajua nani ni wa nani, nusu ya hadithi anaiona kwa macho. Mazungumzo marefu ya wanasayansi niliyafupisha kwa sentensi moja, mara nyingine kwa maneno mawili: "Wanabishana." Na mji ulipoanza kuvunjika nilinyamaza kabisa. Anayezungumza wakati huo anamnyang'anya mwenzake picha. Kitu kimoja tu ndicho nilichokieleza kabla hakijafika: kila nilipojua wimbi kubwa liko karibu, nilimgusa goti nikamwambia, "Maji yanakuja." Sikutaka yamshtukize.

Wimbi la kwanza lilipoinuka alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mishipa ya mikono yake ilisimama, ile mikono ya kamba na chumvi, na mwanga wa kioo ulikuwa unaipitia buluu, kisha nyeupe. Nilisubiri anishike. Hakunishika. Aliinama mbele na kukaa hivyo hivyo mpaka mwisho, na bisi nilizomnunulia hazikuguswa.

Tulipotoka nje alikuwa na hoja tayari. Picha imekosea, akasema. Bamvu hupanda, haivamii kama ukuta. Na maji, kwa anavyoyajua yeye, hayaji vile bila kwanza kwenda, wala hayakatai kurudi yakishakuja. Nikamwambia hata mwezi wenyewe, kwa hesabu za wanasayansi, ungesogea chini ya kilomita 20,000 hivi mvuto wa dunia ungeanza kuupasua. Walichopatia, akasema baba, ni watu kukimbilia juu bila kungoja kuona. Hilo alilirudia.

Ndani ya matatu, tulipokuwa tunavuka daraja la Kilifi, akaanza bila kuulizwa. Mwaka 2004 siku ile mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo kila mvuvi alijua saa zake: maji yamekupwa asubuhi, mchana yanajaa. Yakawa yanajaa kweli. Mara yakakatika, yakarudi nyuma, mashua zikalala ubavu mchangani, halafu yakaja kwa kasi, yakarudi tena, mara kwa mara, kwa mpangilio asioujua yeye wala babake. Wengine walishuka kuokota samaki. Yeye alipiga kelele watu watoke, na wapo waliomcheka. Kilichomkaa rohoni ni kuwa hakuwa na la kuwaambia, alijua tu kwamba saa hazikuwa sawa. Nikamwambia tetemeko lilikuwa limetokea Sumatra, Indonesia, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na wimbi likachukua muda wa saa nane hadi tisa hivi kuvuka bahari nzima na kutufikia. Ndiyo sababu hapa Kenya kulikuwa na muda wa kuanza kuwatoa watu ufuoni, na akafa mtu mmoja, wakati ng'ambo huko walipotea zaidi ya laki mbili. Baba alikuwa hajawahi kupangiwa saa hizo namna hiyo. Aliniuliza mara ya pili, polepole, ilichukua muda gani kufika.

Nikamwambia pia kwamba mwezi hautuangukii, unatutoka. Vioo vilivyoachwa juu yake na wanaanga wa Marekani kuanzia 1969 hurudisha mwanga unaotumwa kutoka duniani, na vipimo vinaonyesha unaenda mbali sentimita 3.8 kila mwaka. "Basi bamvu za wazee wetu zilizidi zetu," akasema. Zilizidi, ingawa kwa kiasi ambacho macho hayaoni. Alifurahi mno.

Sasa ana miadi nyingine. Tarehe 13 Aprili 2029, siku ya Ijumaa, jiwe la angani liitwalo Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litatupita kwa umbali wa kilomita 32,000 hivi bila kutugonga, na watu wa Afrika wataweza kuliona kwa macho matupu, kama nyota inayotembea. Mwezi utakuwa gizani, kwa hiyo anga itakuwa nzuri. Baba anachohofia ni masika. Aprili mawingu ya pwani hayaaminiki. Nimemwambia tutafuata utabiri wiki hiyo, na kukiwa na mawingu tutashika barabara ya Sala kuelekea bara usiku huo huo. Amekubali, ila kwa sharti turudi kabla ya maji kupwa asubuhi, kwa sababu itakuwa bamvu na madema yake yatakuwa yanamngoja.