Daftari la matukio lilivyotupatia ruzuku ya kuwatetea waandishi wa mkoani

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha waandishi wa habari wa kujitegemea huku kusini mwa Tanzania. Mwenzetu akikamatwa akiwa kazini, tunamtafutia wakili na wadhamini, kisha tunafuatilia mpaka kamera yake irudi mkononi mwake. Tulianza kwa kuchangishana baada ya Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, kutoweka Kibiti mnamo Novemba 2017, kwa kuwa tuliona wazi kwamba mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja hana mwajiri wa kumpigia simu saa nane za usiku. Sasa tunayo ruzuku kutoka mfuko mmoja wa hisani wa Marekani, na ninaandika haya kwa sababu karibu kila ushauri tuliopewa kabla ya kuipata ulitupoteza.

Mara ya kwanza tulimlipa mtaalamu mshauri atuandikie andiko la mradi. Alichukua kama laki nane, zote zikitoka katika akiba yetu ya dharura, akatuletea kitabu cha kurasa zaidi ya 40. Nilikisoma usiku kucha nikitafuta neno “mahabusu” nisilione. Alikuwa ameondoa kila palipoandikwa kukamatwa, kupigwa au kunyang’anywa vifaa, na mahali pake akaweka wadau, ushirikishwaji na kujenga uwezo, pamoja na semina sita hotelini. Gharama za uendeshaji aliziandika sifuri ili, kwa maelezo yake, tuonekane watu wa kujitolea. Nilipomuuliza, alinijibu, “Ndugu Katibu, wafadhili hawatoi fedha kwa sababu ya shida, wanatoa kwa sababu ya lugha.” Mzee wetu mwenyekiti hakuridhika, lakini tulikuwa tumekwisha lipa, tukalituma. Baada ya miezi minne tulijibiwa kwa mistari mitatu kwamba hatukuchaguliwa. Ndani ya miezi hiyo minne kijana wetu mmoja alilala mahabusu siku mbili kwa sababu akiba iliyopaswa kumlipia wakili nauli ilikuwa imeishia kwenye andiko lile. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichotuokoa kilikuwa kabatini kwetu siku zote. Dada yetu mweka hazina, tangu mchango wa kwanza kabisa, alikuwa akiandika kila tukio katika kaunta buku lenye jalada jekundu: tarehe, saa, mahali, kifaa kilichochukuliwa, nani alipiga simu, wakili alifika saa ngapi na tulitumia kiasi gani. Dereva wa bodaboda hana risiti ya mashine, basi yeye alikuwa akikata nusu karatasi, dereva anaandika kiasi, namba ya pikipiki na namba yake ya simu, anatia sahihi, na karatasi inabanwa kwenye ukurasa wa tukio lenyewe. Wengine walimwona msumbufu. Mimi nasema bila yeye tusingekuwa na la kuonyesha.

Andiko la pili lilikuwa la kurasa nne na lilitoka moja kwa moja katika daftari hilo. Tulieleza pia kwamba Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kuwa vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na taasisi mbili za haki za binadamu, na kwamba sisi tuko pale ambapo uamuzi wa Arusha unachelewa kufika, yaani kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Afisa wa mfuko alitupigia kwa video akaomba tumfungulie ukurasa wowote. Mweka hazina akafungua, akasoma, akabandua karatasi ya bodaboda na kuiinua mbele ya kamera. Kisha tukaulizwa: mkipewa nusu ya fedha mlizoomba, mtaacha nini? Tukajibu kwamba tutaacha mafunzo, hatutaacha wakili.

Baada ya hapo yalifuata mambo ya sheria, na hapa wengi hukwama. Mifuko binafsi ya hisani ya Marekani inapaswa kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake, lakini inapokipa fedha kikundi cha nchi nyingine kama chetu hutakiwa na sheria za kodi za kwao kuhakikisha matumizi yake; ndiyo maana tulifungua akaunti ya pekee na tunapeleka taarifa ya kila shilingi. Huku nyumbani, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, nasi tuliupeleka siku ya tatu. Gharama za uendeshaji tuliziomba waziwazi. Ford Foundation yenyewe, mfuko mkubwa wa hisani wa Marekani, ilikwisha pandisha kiwango chake cha gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 20 mwaka 2016, kwa hiyo anayewaambia muandike sifuri anawadhulumu. Tuliomba pia kifungu kinachosema kwamba mfadhili hachagui mwandishi wa kusaidiwa wala habari ya kuandikwa, na kikakubaliwa bila mjadala.

Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, vikundi vingi vilihamia kubisha hodi kwenye mifuko hii ya hisani, na foleni imekuwa ndefu. Mkataba wetu ni wa miaka miwili. Sehemu ya kwanza ya fedha ilipoingia, kabla ya kununua hata meza, tulirudisha zile laki nane za dharura kwa michango yetu wenyewe, ili fedha za ruzuku zisilipe deni lisilo lake, na mweka hazina akaanza daftari jipya. Namba ya wakili ameiandika kwa wino mzito ndani ya jalada.