Prednisoloni ilivyonichezea kichwa, na nilivyokwenda nayo

Figo zangu zilikuwa zinavujisha protini, miguu ikavimba hadi ndala hazivaliki. Daktari akaniandikia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge 12 vya miligramu 5. Uvimbe ulipungua. Kilichonishinda ni kichwa. Usiku usingizi hauji, mchana hasira zisizo na sababu. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Napima kiuno, nikigeukia daftari namba imeshapotea. Mteja mmoja akacheka: "Fundi, mbona unanipima mara ya tatu?"

Nilimweleza daktari yote, hata hasira. "Ni dawa hiyo, mama," akasema. Steroidi hii hufanya kazi kama kotisoli, homoni ya mwili wenyewe, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, huipokea sana. Dozi ikipita miligramu 40, vurugu za akili huzidi. Akanikataza kuacha ghafla, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza kotisoli, zinakuwa zimelala, zinahitaji muda kuamka.

Basi vidonge vyote nikawa navimeza asubuhi baada ya uji, kwa sababu hata kotisoli ya mwili hupanda asubuhi. Chai ya jioni nikaiacha. Daftari nikalifunga kwa kamba shingoni, napima huku naandika, wateja wakadhani ni mtindo mpya.

Kisha kutembea. Alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupeperusha vumbi, kutoka Makole hadi Nyerere Square na kurudi. Polepole, maana dawa hii hula misuli ya mapaja. Kuinuka tu kwenye kigoda nilikuwa nashika ukuta. Usingizi ndio uliorudi kwanza. Kumbukumbu ilichelewa, ikaja dozi iliposhushwa, kwa hiyo sifa hiyo siipi miguu yangu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2011: wazee waliotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki kwa mwaka, hipokampasi yao iliongezeka kama asilimia 2. Lakini wale hawakuwa wagonjwa wa prednisoloni.

Kijana wa jirani anayenyanyua vyuma, kusikia tu ni steroidi, aliniomba vidonge ajaze kifua. Nikamwambia steroidi anazotafuta ni za jamii ya testosteroni, homoni ya kiume, nazo zina balaa lake. Hizi zangu zingemnyong'onyeza mapaja. Hakuniamini, nikavificha kabatini.

Sasa nipo kwenye kidonge kimoja. Kliniki ijayo daktari ataamua kama nacho tukitoe.