Nilisema pole, ikageuzwa kuwa kukiri kosa

Nilikuwa barabara kuu, mwendo wa kawaida, yule bwana akachomoka kutoka barabara ndogo ya kushoto bila kusimama. Nilikanyaga breki, lakini pua ya gari lake ilishaingia. Kishindo hakikuwa kikubwa, kama mtu aliyeangusha sufuria tupu. Nikazima gari, nikawasha taa za tahadhari, nikajipapasa kifua na shingo, mzima. Nikashuka.

Neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Pole, ndugu yangu." Naye akajibu, "Pole na wewe." Sijui mtu angesema nini kingine. Tunamwambia pole aliyefiwa, aliyejikwaa, hata anayetoka kazini. Wiki mbili baadaye neno hilo lilirudi kwangu kwenye barua ya kampuni yake ya bima: dereva wa gari la pili "aliomba radhi papo hapo na kukiri kosa." Nilisoma sentensi hiyo mara tatu nikidhani wamekosea faili.

Kilichoniokoa ni simu yangu, na hata hiyo nusura nisiitumie inavyofaa. Wakati mimi bado natazama taa iliyovunjika, yule bwana aliingia garini akalirudisha nyuma hadi nyuma ya mstari wa kusimama wa barabara yake, akatulia pale kama mtu aliyeegesha hapo tangu asubuhi. Alisema anapisha wengine wapite. Huenda ni kweli. Ila kuanzia hapo kila aliyefika, akiwemo askari wa usalama barabarani, alikuta gari lake nyuma ya mstari na langu limekwama barabarani peke yake.

Nilikuwa nimeanza kupiga picha za karibu, zile ambazo kila mtu huzipiga: bampa, boneti, taa. Kisha nikaona lami. Vipande vya taa yake na ya kwangu vilikuwa vimemwagika pamoja, na katikati yake kipande cha bampa lake jeupe, kikubwa kama kiganja, vyote ndani ya njia yangu, hatua mbili nzima kutoka kwenye mstari aliopaswa kusimama. Pembeni maji ya rejeta yangu yalikuwa yanachora mchirizi. Nikarudi nyuma nikapiga picha za mbali, vipande na mstari vikionekana katika picha moja. Zilifika 14. Dakika chache baadaye mtu mwema mwenye ufagio alisafisha kila kitu.

Siku ileile nikatoa taarifa kwa kampuni yangu. Mkataba wangu ulinipa saa 24, na sikutaka kuzijaribu. Kwenye fomu ya madai niliandika nilichokiona tu: nilikuwa wapi, yeye alitokea wapi, tuligusana wapi. Neno "nadhani" nililiandika mara moja nikalifuta. Kama nisingekuwa na bima kubwa, hadithi yangu ingekuwa nyingine, kwa sababu bima ndogo hulipa hasara ya uliyemgonga, ya kwako inabaki mikononi mwako. Basi nikachagua kutengeneza gari kupitia kampuni yangu, nilipe eksesi, yaani ile sehemu ya mwanzo ya gharama ambayo mwenye gari hujilipia, halafu wao wenyewe wamfuate mwenzangu na kampuni yake kurudisha fedha. Kugombana na kampuni ya mtu mwingine ukiwa huna gari ni kazi ya watu wenye muda.

Mkadiriaji wa hasara alikuja gereji, akazunguka gari kwa dakika 10. Bampa, taa ya kushoto, mudigadi, rejeta, tairi moja. Kwenye tairi alikata sehemu ya bei kwa kuwa la zamani lilikuwa limeshalika, na hapo sikubishana. Huwezi kugongwa na tairi kuukuu ukadai jipya bure. Nikaona mambo yamekwisha.

Siku ya pili fundi bodi akanipigia. "Bosi, njoo uone kitu." Alikuwa ameshafungua bampa, na nyuma yake, kwenye ile mihimili miwili ya chasisi inayotazama mbele, wa kushoto ulikuwa na mkunjo. Haukuwa mkubwa. Ungeweza kuupita ukidhani ni uchafu, isipokuwa rangi ilikuwa imepasuka juu yake mistari midogomidogo, kama tope lililokauka. Akanionyesha na jambo jingine: alishusha boneti, akapitisha kidole kidogo kwenye mwanya kati yake na mudigadi wa kulia, kikaingia vizuri. Kushoto ulipita ukucha tu.

Halafu akanipa ushauri ambao najua aliutoa kwa nia njema. "Hii haimo kwenye makadirio. Tukisubiri mkadiriaji gari litalala hapa. Mimi nalivuta kidogo, napiga puti, napaka rangi. Halitaonekana."

Hapo ndipo nilipokaribia kufanya kosa la pili. Nilikuwa nimechoka kupanda magari ya watu. Lakini sehemu ile haikuwekwa pale kwa urembo. Mbele ya gari hutengenezwa ijikunje kwa mpangilio ili inywe nguvu ya kishindo kabla haijamfikia aliyeketi ndani. Mhandisi Béla Barényi wa Daimler-Benz alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya wazo hilo mwaka 1952, na magari yetu yote yanaishi juu yake. Chuma kilichokwisha kujikunja, ukikinyoosha ovyo na kukifunika puti, hakitajikunja tena pale kilipopangiwa. Nikamwambia, "Fundi, usiguse. Acha palivyo."

Nikapiga picha ya mkunjo, nikaweka rula pembeni yake, nikaituma kwa barua pepe nikiomba ukaguzi wa nyongeza. Kwa simu ningejibiwa haraka zaidi, ila simu haibaki kwenye faili. Mkadiriaji alirudi baada ya siku 5, safari hii akalala chini kabisa na tochi, akapima kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, akaandika makadirio ya pili bila neno. Kama fundi angekuwa ameshafunika, gharama hiyo ingekuwa yangu, na pengine wasingeamini kwamba mkunjo uliwahi kuwepo.

Gari lilipokamilika, karani wa gereji alinipa funguo kwa mkono mmoja na karatasi ya kusaini kwamba nimeridhika na kazi kwa mkono mwingine. Nikamwomba niendeshe kwanza. Hakufurahi. Nililipeleka kwenye barabara iliyonyooka, nikalegeza usukani, likaanza kuvuta kushoto polepole. Juani nikaona pia kwamba rangi ya mudigadi ilikuwa imeiva kuliko ya mlango. Chini ya taa za gereji zilikuwa pacha. Nikalirudisha bila kusaini. Siku 3 za kupima upya magurudumu na kupaka rangi tena, kisha nikasaini.

Kuhusu ile barua ya "aliomba radhi", mhusika wa madai katika kampuni yangu aliniomba maelezo. Nikaandika kwamba ndiyo, nilisema pole, na mteja wao pia alisema pole; kama neno hilo ni kukiri kosa, basi tulikiri wote wawili na tumerudi tulipoanzia. Nilijiona mjanja sana kwa sentensi hiyo. Nadhani hakuna aliyeisoma. Walichokitazama ni picha ya tisa, yenye kipande cha bampa jeupe upande wangu wa mstari, na swali moja ambalo mwenzangu hakuwa na jibu lake: kama gari lake halikuvuka, bampa lilifikaje pale?

Eksesi ilirudishwa baada ya miezi minne, bila barua wala simu, tarakimu tu kwenye akaunti. Punguzo langu la kutodai, yaani lile la bei ya bima kwa asiyedai fidia, halikurudi hadi nilipokagua hati ya mwaka uliofuata na kuwaandikia kwamba wamelisahau.