Asilia kwa ushahidi gani?

Leo Kariakoo nimeshika losheni ya watoto. Mbele, kwa herufi kubwa za kijani: "Asilia 100%".

Nikageuza chupa.

Kiungo cha kwanza, maji. Cha pili, paraffinum liquidum, yaani mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya petroli. Nembo ya mkaguzi hakuna.

Kwa COSMOS, kiwango cha Ulaya cha vipodozi asilia na ogani (vyenye viungo vya kilimo hai), isingepita. Mafuta hayo hayaruhusiwi, na maji hayahesabiwi kuwa ogani. Losheni ikiitwa ogani, angalau 20% ya bidhaa nzima itokane na kilimo hai.

Dada muuzaji akaniambia kwa upole, "Mama, wote wanaipenda."

Imeniuma. Ni ngozi za vichanga hizi!

Hebu geuzeni chupa zenu. Kiungo cha pili ni nini? Niandikieni hapa.