Mafuta ya karafuu yaliwahamishia mchwa kabatini kwangu

Kiwanja chetu cha Nala hapa Dodoma, njia ya Singida, tulikinunua kikiwa na kichuguu kirefu kunizidi, fundi akakipiga sururu akasawazisha akamwaga msingi, tukajua yameisha. Kumbe malkia yuko chini huko ndani kabisa, ukivunja juu ni kama umemnyoa nywele tu.

Kiangazi kilichopita nikaona kile kijia cha udongo kimepanda ukutani mpaka kwenye fremu ya mlango wa chumbani, nagonga fremu inalia kama debe tupu. Mirunda ya banda huwa tunaipaka oili chafu, ila chumbani nalala na mtoto, harufu ile nani aivumilie? Ndo nikaingia mtandaoni nikakuta habari za mafuta ya mimea, karafuu, mchaichai, mkaratusi, machungwa. Na sio porojo, Marekani kule Louisiana watafiti walishapima mafuta ya mizizi ya nyasi za vetiva wakaona mchwa wanakwepa kuchimba udongo uliochanganywa nayo, na karafuu ina yujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino bovu, ikimgusa mchwa vizuri anakufa.

Basi nikanunua kichupa cha mafuta ya karafuu soko la Majengo. Mafuta na maji hayapatani so nikatia sabuni ya maji kidogo nikatikisa, nikakwangua udongo wote, nikachukua bomba la sindano nikasukumia kwenye matundu. Aisee! Wale askari wenye vichwa vikubwa walitoka wamelewa wakalala hapo hapo. Nyumba nzima ikanukia pilau, mume wangu karudi anauliza leo tuna wageni gani.

Wiki mbili hazijaisha harufu ishakata, na wenyewe wamerudi, ila sio kwenye fremu, wamezunguka nyuma wakaingia kabati la nguo. Hapo ndo nikaelewa kwamba yale mafuta yananukia kwa sababu yanaruka hewani, na yakisharuka hakuna ulinzi tena. Alafu wenzetu wanaosifia mafuta ya machungwa wanapigana na mchwa wa mbao kavu, wale wanaishi humo humo kwenye mbao, ukitoboa ukaingiza dawa umewafikia. Hawa wetu nyumbani kwao ni ardhini, kwenye fremu wamekuja kula tu, ukiua mia malkia anataga maelfu kwa siku, utashindana naye?

Babu jirani yetu alikuja akaangalia, hata karafuu hakuuliza. "Mjukuu wangu, hizi kuni nani kaziegemeza ukutani? Na haya maji?" Bomba la bafuni lilikuwa linavuja nyuma ya ukuta siku nyingi, na kwa ukame wetu huu wa Dodoma udongo wenye unyevu kwa mchwa ni sikukuu. Tukahamisha kuni, tukaziba bomba, tukamwita mpiga dawa akazungushia msingi.

Karafuu sijaiacha, kila Jumamosi napaka kwenye shelfu na makabati ya nguo, naweka mbali na mtoto na paka maana inaunguza ngozi na paka inaweza kumdhuru kabisa. Vyeti nimehamishia kwenye sanduku la bati lenye kifuniko, ila cha fomu foo walikiwahi, wamekula kona yote yenye alama ya hesabu, na hiyo kwa kweli sijawadai.