Fomu ya mafua iliyogeuka malaria kali

Kazi yangu ukiitaja mtaani inaleta maswali. Niliwahi kumwambia bibi naweka kodi za magonjwa, akaniuliza serikali imeanza lini kutoza kodi kwenye mafua. Siku hizi nasema tu "niko bima". Nasoma faili la mgonjwa, naupa ugonjwa namba yake, ndiyo hiyo kodi, kutoka orodha ya kimataifa ya magonjwa iitwayo ICD-10, najaza dawa na vipimo kwenye fomu, mwisho wa mwezi mzigo unakwenda NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ili kituo kilipwe. Kituo ni cha binafsi, hapa hapa Mtwara mjini. Jina nabaki nalo.

Tarehe 28, fomu zimepangwa mezani kama matofali, nikafika kwenye ya mtoto wa miaka saba. Malaria kali, B50.8. Sindano za artesunate, dozi tatu. Sikushtuka. Huku kusini malaria si mgeni, na ujanja umejificha hapo hapo: uongo unaofanana na hali ya mahali hakuna anayeugeukia mara mbili.

Kilichonisimamisha ni saa. Mtoto kaingia saa 3:10 asubuhi, mama yake kasaini saa 4:00, wakaenda zao nyumbani. Artesunate ya malaria kali huchomwa mgonjwa anapopokelewa, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24. Dozi tatu zimeingiaje ndani ya dakika hamsini? Nikavuta faili. Kikohozi kidogo, pua inatiririka, kipimo cha malaria hasi. Mafua, J00. Kapewa paracetamol ya maji. Kitabu cha MTUHA namba 5, kile cha kuorodhesha wagonjwa wa nje, nacho kimeandikwa mafua. Na huyo mtoto ni wa mtaani kwetu, wiki ile yote nilikuwa namwona akikimbiza mpira peku.

Nikaenda kwa bosi na fomu mkononi. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mdogo wangu, wewe jaza. Dokta ndiye mwenye sahihi. NHIF wanatukata madai halali kila mwezi, nasi tunafidia."

Makato yapo, simsingizii. Unaweza kutibu mgonjwa kwa haki, fomu ikakosa kitu kidogo, hela ikakatwa. Lakini ukikatwa kimakosa unaandika kupinga, unaambatanisha karatasi zako. Huendi kumtafutia mtoto malaria.

Niseme ukweli, haikuwa ya kwanza. Miezi ya mwanzo niliziona ndogo ndogo: vidonge 10 vimekuwa 20, kipimo cha mkojo ambacho maabara hawana habari nacho. Nikajaza. Nikijiambia mimi kazi yangu namba. Msimu wa korosho ukifika hapa kwetu kila mtu anamlaani mtu wa kangomba, anayempimia mkulima kwa chombo chake badala ya mzani. Kijana anayekishika hicho chombo hatumsemi. Basi mimi ndiye nilikuwa kijana huyo.

Na hela yenyewe ni ya nani? Mama wa yule mtoto ni mwalimu. Anakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaongeza 3. Halafu kumbukumbu za mwanawe zinasema aliponea chupuchupu ugonjwa ambao hakuumwa, na daktari wa kesho akizisoma ataziamini.

Wenzetu Marekani wana vyama vya watu wa kazi hii, AAPC na AHIMA, vyenye kanuni za maadili, na sheria yao ya madai ya uongo kwa serikali ni ya tangu 1863. Sisi tuna TAKUKURU, na kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa. Nzuri. Ila saa nane mchana, bosi kasimama mlangoni anakutazama, sheria haiji kukaa na wewe.

Nilichofanya ni kidogo. Nilichukua karatasi nikaandika: "Dokta, faili na kitabu vinasema mafua, fomu inasema malaria kali. Naomba ufafanuzi kwa maandishi." Tarehe, sahihi, nakala nikabaki nayo. Sikumwita mwizi. Karatasi ikakaa kwake siku mbili. Ikarudi haina neno, lakini fomu ilikuwa imekatwa mstari, pembeni J00. Nikaandika nyingine kumi na moja mwezi ule. Saba zilirekebishwa. Nne nilikataa kuzijaza, akazijaza mtu mwingine, na hizo mpaka leo zinaninyima usingizi. Nakala zake ninazo, na najua zinapotakiwa kwenda.

Mwezi uliofuata nikahamishiwa dirisha la mapokezi. "Upumzike," bosi alisema. Dirisha lile ndilo wagonjwa wanakosainishia fomu, na desturi ilikuwa wasaini wakifika tu, ikiwa bado tupu.

Juzi mwalimu kaja, presha. Kapokea fomu, kashika kalamu, anatafuta pa kusaini.

"Shikamoo mwalimu. Usisaini sasa. Ukitoka dirisha la dawa, pitia hapa usome ndipo usaini."

"Marahaba. Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Usome tu."

Alirudi na kifuko cha dawa, akatoa miwani kwenye pochi, akaanza mstari wa kwanza. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna.